Jina Moja, Kadi Nne

Siku ya kunisindikiza kwenye pensheni mulinipa saa ya ukuta, na kabla sijapata musumari wa kuitundikia mukanitumia neno: “Maman Nsimire, utuandikie namna mulivyokuwa munafanya kazi zamani.” Zamani! Mimi ambaye bado napanda mulima wa Kadutu kwa miguu bila kusimama. Sawa, nasimama mara moja kwa muuzaji wa avoka, lakini pale nasimama kwa ajili ya bei. Hata hivyo mumeomba kwa heshima, na nyumbani nimeshaanza kupanga upya vyombo vya binti yangu bila yeye kuniomba, kwa hiyo ni heri niandike.

Nitaandika kama ninavyosema, na pale masista waliponifundisha vizuri mutaona. Mambo ya cheo na mushahara sitayagusa. Anayetaka kuyajua aende kwenye faili, faili niliitengeneza mwenyewe. Jina la kampuni naliacha pia. Ninyi munalijua, na mwingine yeyote inamutosha kujua kwamba tulikuwa na mashamba ya chai na ya kinini milimani, malori, kambi za wafanyakazi, dispensaire ya wagonjwa, shule, na chumba kimoja cha mashine chini ya bureau, ofisi kubwa ya hapa mujini. Dirisha lake linaangalia ziwa. Miaka yote ile sikumbuki mutu aliyepata nafasi ya kuliangalia.

Siku yangu ya kwanza nilivaa viatu vya dada yangu, na vilinibana mupaka saa kumi. Nchi ilikuwa imeshaitwa Zaïre, na tulikuwa tunaitana citoyen na citoyenne, raia wa kiume na raia wa kike, hata unapomwambia mutu asikukanyage. Citoyen wa mulangoni akanipeleka kwa citoyenne mukubwa wa chumba cha kadi, na citoyenne huyo alikuwa Maman Zuhura, wa familia moja ya wachuuzi wa Uvira, mwanamuke mufupi, kitenge kimefungwa vizuri, thermos ya chai ya tangawizi kando ya mulango. Kando ya mulango, nasema. Ndani hakukuingia hata tone.

“Onyesha mikono,” akaniambia.

Nikaonyesha.

“Kata hizo makucha. Kadi haipendi makucha, na mimi vilevile.”

Ninyi wa écrans, wa vioo vya kompyuta, hamujawahi kushika kadi isipokuwa ile muliyokuta inashikilia kurasa katika kitabu changu. Ni karatasi ngumu yenye safu themanini. Unapiga herufi kwenye vibonyezo vya clavier, mashine inatoboa matundu, na matundu hayo ndiyo jina la mutu. Ukikosea tundu moja umekosea mutu. Ukimaliza, kadi zako zinakwenda kwa mwenzako kwenye mashine ya pili, vérificatrice, naye anapiga majina yaleyale upya kutoka karatasi ileile. Kidole chake kikipishana na tundu lako, mashine inajifunga na taa nyekundu inawaka, na chumba kizima kinageuka kukutazama. Siku ile ya kwanza iliwaka mara nyingi sana kwa ajili yangu.

Mchana nikamuuliza Maman Zuhura: kama wa kwanza amepiga vizuri, huyu wa pili anarudia nini?

“Anarudia sababu wa kwanza ni mutu,” akanijibu, na akaendelea kufungua chakula chake.

Tulikuwa wanawake sita. Muvumo wa mashine ulikuwa mukubwa hata tulijifunza kusoma midomo, ujuzi ambao umenisaidia sana kanisani. Wakati wa mvua kadi zilivimba kwa unyevu na trieuse, mashine ya kuzipanga, ikazitafuna. Basi tulizianika juu ya meza, na mbabula ya makaa tukaiweka mbali hatua nne. Hatua nne za Maman Zuhura, si zangu. Alikuwa akizipima mwenyewe kila asubuhi, kwa viatu vyake, na hakuna aliyethubutu kucheka kabla hajamaliza na kutugeuzia mugongo.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Kampuni ilikuwa na kazi nne za mashine: mishahara, nyumba za kambi, dispensaire na shule. Kila kazi ilikuwa na sanduku lake la kadi, na katika kila sanduku jina la mufanyakazi lilipigwa upya, na la baba yake, mahali na mwaka wa kuzaliwa, muke, watoto. Kila kazi ilimupa pia numero yake. Mutu mumoja, numero nne, na hakuna hata moja iliyojua nyingine. Mutoto akizaliwa pale dispensaire, shule ilimujua baada ya miaka sita, na watu wa nyumba hawakumujua kamwe. Na kwa kuwa kila kadi ilipigwa na kuhakikishwa, jina la mutu mumoja lilipita mikononi mwetu mara nane. Tuliona ni kawaida. Kazi ikiwa nyingi hukai ukauliza kama ina maana.

Kisha majina yenyewe yakabadilika. Iliamuriwa tuache majina ya ubatizo na kuchukua ya mababu. Akina Joseph na Antoine na Marie-Jeanne wakapanga mustari mulangoni, kila mumoja na karatasi yake, na sisi tukapiga kadi upya, masanduku manne, mupaka vidole vikawa vinapiga hata usingizini. Wengine walikwenda kubadilisha kwenye mishahara wakasahau dispensaire. Papa mumoja wa magari alikuwa Dieudonné akiumwa, Cirhuza akiwa muzima. Alisema inamufaa.

Fundi wa tabulatrice, mashine ya kuchapisha, alikuwa Muzee Balola, mutu mwembamba asiyesema maneno mawili kama moja linatosha. Aliniona nasimama nyuma yake kila wakati wa mapumziko, nikiangalia anavyounganisha nyaya. Siku moja akanipa waya. Kwa miaka mitatu alinifundisha hivyo, kwa kunipa kitu mukononi na kutazama pembeni, na nilipokosea alikohoa. Mupaka leo mutu akikohoa nyuma yangu nakagua nilichoandika.

Kampuni ilipoagiza ordinateur yake ya kwanza, kompyuta yenye disques kubwa kama sahani za harusi, walitafuta mutu wa kuiandikia programu. Muzee Balola akasema macho yake yamechoka, akatoa jina langu. Directeur wetu, mwanaume mutulivu wa abacost ya kijivu, ile suti isiyo na tai, aliyependa kalamu zilizochongwa, akaniita.

“Citoyenne Nsimire, kazi nne zile uzihamishe kwenye mashine mupya. Kama zilivyo.”

Kama zilivyo. Nilirudi chini nikakaa mbele ya meza siku tatu bila kuandika kitu. Mashine ya kadi isingeweza kufanya vingine: kila sanduku lilikuwa lazima libebe kila kitu chake. Lakini disque inaweza kutafuta. Ukiipa numero, inakuletea mutu. Sasa kwa nini nijenge nyumba nne, na katika kila nyumba nichimbe bomba lake la maji, wakati uwanja ni mumoja? Bomba moja katikati, kila nyumba ilete ndoo. Nikachukua karatasi kubwa ya tabulatrice, nikachora upande wa nyuma duara moja katikati na manne pembeni. La katikati nikaliita faili mama: jina, baba, mahali, mwaka, muke, watoto, mara moja tu, na numero moja ya kudumu. Yale manne yabaki na mambo yao tu, sindano kwa dispensaire, darasa kwa shule, na numero ya kuchungulia kwa mama.

Wakuu wa kazi zile nne hawakufurahi. Kila chef alikuwa na faili yake kama mutu alivyo na shamba lake, na hakuna anayependa kusikia kwamba mupaka umeondolewa. Wa nyumba alisema sawa, faili iwe moja, mradi iwe yake. Wa shule akasema hivyohivyo. Niliwapa chai wote, nikaendelea kuchora.

Kwa directeur nilikwenda na karatasi yangu nimeikunja vizuri. Akaitazama sana.

“Faida yake nini, Citoyenne?”

Nilikuwa na faida nyingi. Ningeweza kumwambia kwamba jina likibadilika litabadilika kila mahali siku moja. Ningeweza kumwambia habari za Dieudonné na Cirhuza. Lakini nilikuwa kijana, na nilitaka kumupendeza kwa kitu anachoweza kukihesabu.

“Jina litapigwa mara moja tu, badala ya mara nne.”

Akachukua kalamu iliyochongwa.

“Basi wapiga-kadi sita ni wengi,” akasema. “Wawili watatosha.”

Alisema bila ubaya, kama mutu anayeondoa kiti kinachozuia mulango. Faili ikianza kufanya kazi, wanne wataandikiwa barua mwisho wa mwezi. Mapendo, ambaye alikuwa wa mwisho kuingia na aliyenyonyesha mapacha, angekwenda. Na Maman Zuhura angekwenda, kwa sababu alikuwa muzee kuliko wote na clavier mupya inataka vijana. Alibakiza miaka miwili kufika pensheni yake. Nyumba aliyoishi na wajukuu ilikuwa ya kampuni. Nilishuka zile ngazi nikiwa nimebeba ushindi wangu chini ya kwapa.

Alikuwa ameshasikia. Bureau ile ilikuwa na masikio kuliko kuta.

“Nsimire, wakati ulikuwa nachora, ulitupigaka hesabu sisi?” akaniuliza.

“Maman, sikufikiria.”

“Unafikiria sana, mutoto. Ni sisi tu ulisahau.”

Niliona aibu ambayo sijapata kuiona tena. Afadhali angenigombeza. Badala yake alivuta sanduku la kwanza, akapuliza vumbi. “Leta ile kazi yako. Kama iko ya kufanyika, ifanyike muzuri. Sitaki waseme mbele yangu kama Zuhura aliacha kadi zimechanganyika.” Na mwezi mzima alinisaidia kupanga masanduku manne ambayo yangemufukuza. Mapendo hakunisemesha wiki mbili. Nilimuelewa.

Shida ilikuwa hii: masanduku manne, numero nne tofauti, nitajuaje kwamba huyu wa shule ndiye yule wa dispensaire? Niliandika programu ya kuwaunganisha. Jina la kwanza ni lilelile, jina la pili ni lilelile, baba ni yuleyule, mahali pa kuzaliwa ni palepale, mwaka ni uleule: basi ni mutu mumoja. Vitu vitano! Nilijiona mukali sana. Muzee Balola alisoma ile programu, akakohoa. Nikakagua usawa wa safu, nikaona uko vizuri, nikaamini ni kikohozi cha kawaida.

Asubuhi tulipoiendesha, watu waliokuwa wanne wakawa mumoja, kama maji. Directeur alishuka mwenyewe kutazama. Aliamuru kadi za zamani zitupwe, na kesho yake kule soko la Nyawera kila mama muuza karanga alikuwa anafungia karanga zake katika majina ya wafanyakazi wetu. Maman Zuhura alibakiza sanduku moja tu, la dispensaire. Alisema analiwekea miguu, na kweli alikuwa mufupi.

Wiki moja baadaye shule ikaomba orodha ya wazazi. Nikachapisha. Na kwa kuwa faili mama ilijua kila kitu, nikachapisha kila kitu. Hilo muliandike mahali: kwa sababu mashine inajua si lazima iseme. Musimamizi wa shule alichukua orodha akaibandika mulangoni pa darasa.

Siku ya pili mama mumoja akaingia chumba cha kadi bila kugonga, jasho usoni, mutoto mugongoni. Alikuwa Maman Feza, muke wa dereva wetu mumoja, mutu wa Shabunda.

“Nani anaandikaka batu hapa?” akauliza.

Wote wakanitazama mimi.

“Bwana yangu anaitwa Kikuni Museme. Kwa mulango ya masomo, mbele ya bamama yote, karatasi inasema: bibi mbili, batoto kumi na moja. Miye niko na batoto sita. Nilibazaa miye mwenyewe, nilikuwako. Ile tano ni ya nani?”

Mapendo alicheka kidogo, Maman Zuhura akamukata jicho.

“Keti, maman,” nikasema. “Labda ni kosa ya karatasi.”

“Karatasi haizalake,” akasema Maman Feza. “Bwana iko nalala kwa jirani tangu jana. Nilimutupia godoro yake inje. Anaapa, analia, eti hana mbanda yoyote.” Mbanda, kwa ninyi muliokulia wapi sijui, ni muke mwenza.

Nilianza kugeuza karatasi zangu. Maman Zuhura hakugeuza kitu. Alisimamisha mashine yake, na wengine wakasimamisha zao, na kwa mara ya kwanza nikasikia chumba kile kimya.

“Maman Feza, bwana yako iko na ndugu?”

“Iko na mudogo wake, kule Luvungi, kwa malori ya kampuni vilevile.”

“Anaitwa nani?”

“Antoine.”

“Ile ni ya zamani. Jina ya sasa?”

“Kikuni,” akasema polepole. “Ya familia. Na ile ingine alikamata ya babu yao. Museme.”

“Na bwana yako, Joseph, alikamata ya nani?”

“Ya babu. Museme.”

“Baba moja?”

“Baba moja, mama moja, Shabunda. Na muaka ya kuzaliwa, padri alibaandikia bote siku moja. Aliangalia urefu yao tu, akaandika ‘vers’, eti ‘kama muaka fulani’, akaweka muaka moja kwa bote babili. Alikuwa na haraka ya kukula.”

Ninyi munaona mara moja. Mimi pia niliona, kwa kuchelewa. Ndugu wawili, mumoja mujini na mumoja Luvungi, hawakuulizana. Walipoambiwa waache Joseph na Antoine, kila mumoja akafanya heshima ileile kwa babu yuleyule. Jina, jina, baba, mahali, mwaka. Vitu vyangu vitano vyote. Nilikuwa nimewachukua watu wawili wazima, na wake zao, na watoto wao, nikawaweka katika shati moja.

“Kumbe haiko mbanda,” Maman Feza akasema, na akakaa sasa. “Ni shemeji.” Akacheka mupaka mutoto akaamka. Kisha akaacha kucheka. “Munipe karatasi. Yenye cachet. Bamama ya masomo hawatasadiki mudomo tupu.”

Tukampa. Niliipiga mwenyewe: tunathibitisha kwamba Citoyen Kikuni Museme, dereva, ana muke mumoja na watoto sita. Maman Zuhura akagonga muhuri mara mbili, moja chini na moja juu. Ndiyo attestation pekee ya ndoa ambayo chumba chetu kimewahi kutoa, na nilisikia Maman Feza aliibandika juu ya orodha yangu kwa ugali.

Alipoondoka sote tulicheka, hata Mapendo, hata mimi. Maman Zuhura alikuwa ameinama chini ya meza. Alivuta lile sanduku lake la miguu, akatembeza vidole juu ya kadi, akatoa mbili, akaziweka mbele yangu.

“Soma.”

Zilikuwa kadi za dispensaire za wale ndugu. Ya Joseph haikuwa na kitu. Ya Antoine ilikuwa na tundu katika safu moja ya mwisho, na sisi tuliopiga kadi tulijua tundu lile: mutu huyu asichomwe sindano fulani, ilishamuangusha. Nikafungua faili ya dispensaire kwenye disque, kwa ile numero moja niliyowapa wote wawili. Kadi ya Joseph ilisomwa baada ya ile ya Antoine, ikaifunika. Palikuwa patupu.

“Leo ni bibi,” akasema Maman Zuhura. “Kesho ni sindano.”

Nikakaa juu ya lile sanduku. Tukapanda kwenye phonie, radio ya kuongea na vituo, tukaita Luvungi. Muuguzi wa kule akasema, kwa utulivu uliotaka kuniua, kwamba orodha yetu mupya ameipata, ni nzuri, lakini yeye ana daftari yake ya mukono na Antoine ameandikwa ndani kwa kalamu ya bic nyekundu. Kuhusu daftari ile nilikuwa nimeandika barua juma lililotangulia, kwamba ni nakala ya bure, ifungwe.

Kusahihisha ndugu wawili kulinichukua dakika kumi. Na hapo ndipo palipokuwa na mutego. Nje ya chumba kile hakuna aliyejua. Directeur alikuwa anafurahia faili, barua nne zilikuwa zimechapwa, zinangoja sahihi siku tatu mbele. Ningenyamaza, ningebaki mutu mwenye akili nyingi.

Nikamuambia Maman Zuhura kwamba napanda juu.

“Usiende kujichoma ju yangu,” akasema. “Miye niko muzee.”

“Siendi ju yako, Maman. Naenda ju ya wale wengine siwajui.”

Nilidanganya nusu. Nilikuwa nakwenda kwa ajili yake vilevile.

Directeur alinisikiliza mupaka mwisho, kalamu mukononi.

“Waliokosewa ni wangapi?” akauliza.

“Ninaowajua, wawili.”

“Na usiowajua?”

“Ndiyo shida, Citoyen Directeur. Siwajui. Na mashine haiwajui, kwa sababu nimeiambia ni mutu mumoja.”

“Nani anaweza kuwajua?”

“Wale sita wa kadi. Wamepiga majina haya miaka yote. Wanajua nani ni ndugu ya nani, nani alihama, nani alikufa, nani anasema amekufa. Mutu akikaa mbele yao watamuuliza.”

“Wewe mwenyewe ulisimama hapa ukaniambia jina lipigwe mara moja.”

“Lipigwe mara moja, na lihakikishwe na mukono mwingine. Faili mama bado ni nzuri, sirudi nyuma. Nilitaka kufuta kurudia kusikouliza kitu. Nikafuta na kuuliza pamoja nako.”

Directeur aliweka kalamu chini. Halafu akafungua droo, akatoa zile barua nne, akazipasua, si kwa hasira, kwa mistari iliyonyooka. Akavuta karatasi mupya akaandika mwenyewe: wahakikishi wa faili watabaki kazini, idadi yao kamili, mupaka siku ambayo mukubwa wa chumba cha kadi atatia sahihi hapa chini kwamba faili ni safi.

“Na programu ile iliandikwa na nani?” akauliza bila kuinua kichwa.

“Mimi.”

“Basi utarudi kwenye clavier mupaka ujue kuuliza.”

Nilikaa kwenye clavier mwaka na kidogo, kiti cha saba, kati ya Mapendo na dirisha. Programu alishika Muzee Balola, ambaye macho yake yalipona. Tulikwenda kambi kwa kambi, mupaka kisiwa cha Idjwi kwa mutumbwi wa mota, meza moja, benchi moja, na kila mufanyakazi alikaa mbele yetu akasema yeye ni nani. Maman Zuhura alikuwa anauliza kwa sauti ya mutu anayetafuta mukwe. Tuliwapata ndugu wengine wa jina moja, tukawatenganisha. Tulipata pia mutu mumoja aliyekuwa kweli na wake wawili, akatuomba tumuunganishe. Niliwahi kuwa na miaka ya sifa zaidi ya ule, lakini wa furaha zaidi sikupata.

Ile karatasi ilibaki kwa Maman Zuhura. Kila mwisho wa mwezi directeur alituma mutu kuuliza kama faili ni safi.

“Bado,” alisema. “Jana Luvungi wamezaa.”

Mwezi uliofuata: bado, kuna ndoa mbili kule Mwenga. Mwezi uliofuata: bado, kuna mutu amerudi ambaye tulimuandika marehemu. Na hakuwa anadanganya hata mara moja. Miaka miwili ikapita hivyo, akafika pensheni yake, tukamusindikiza kwa mulango wa mbele, na karatasi akaniachia mimi haina sahihi. Nilifanya kama alivyofanya. Ma-directeur wanne wameniuliza, na wote wanne niliwajibu ukweli. Wa kwanza, yule wa kalamu zilizochongwa, naamini alijua alichokuwa anaandika siku ile, lakini kumuuliza nilisahau, naye sasa hayupo.

Sasa karatasi ile iko kwenye droo ya kushoto ya meza yangu, ambayo ni meza yenu. Juma lililopita kijana mumoja wenu, simutaji, alinifuata mupaka nyumbani kwa adabu nyingi. Ameiona. Anasema ni dossier, jalada, iliyobaki wazi tangu enzi za kadi, wapiga-kadi hawako tena, programu mupya inahakikisha yenyewe, na directeur mupya anapenda dossiers zilizofungwa. Je, kwa kuwa sasa yeye ndiye mukubwa wa chumba, anaweza kuitia sahihi?

Mwanangu, isome tena. Haisemi wapiga-kadi. Haisemi Zuhura wala Mapendo. Inasema wahakikishi wa faili watabaki kazini mupaka sahihi itiwe, na siku hizi wahakikishi wa faili ni wewe na wenzako wanne. Rudisha bic mufukoni.